Lango la Mbuzi

Riruta,
Jumamosi, 29 Machi 2025

Mwanangu Kavutha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Doha uko aje? Mgongo umepoa, au bado wanakubebesha mashuka ya hoteli nzima peke yako? Mimi niko tu. Sukari inapanda na kushuka inavyotaka, miguu inafura jioni, lakini wiki hii nilishona sare za shule na sikuchoka sana. Ninakuandikia hapa WhatsApp kwa kidole kimoja kwa sababu nikikupigia nitalia, na nikilia wewe pia utalia, halafu tutakuwa tumenunua data ya kulia.

Kuna jambo limetokea na sina mwingine wa kumwambia. Kompyuta ya kaka yako bado iko chumbani mwake. Sijaizima tangu tumzike kule kijijini Mwala. Tokeni za stima zinaisha nikiangalia, lakini mkono unakataa. Alikuwa ameipanga hivi: ule mchezo wake wa shamba ukifunguliwa kwenye kompyuta, TV ya hapa sebuleni inajiwasha na picha inakuja yenyewe, ili mimi nisihangaike na rimoti. Wewe ulikuwa umeshasafiri, hukuona maajabu yake. Alichukua cherehani yangu ya zamani, ile ya kukanyaga, akaifunga nyaya alizotoka nazo kwa kibanda chake cha ufundi pale Luthuli. Nikikanyaga pedali, yule mtu wa kwenye TV anatembea. Nikizungusha gurudumu, anageuka. Vifuniko viwili vya sufuria vilikuwa vya kumwagilia maji na kuokota mayai. Nilimwambia, "Kitavi, watu wengine si wanacheza na vitu za duka?" Akanijibu, "Mathe, vidole zako zimekataa button, lakini hiyo mguu imeshonea Riruta yote. Kanyaga tu!" Tulicheka mpaka Annah wa mlango wa pili akaja kuuliza kama tuna wageni.

Sasa jana, saa nane mchana, nilikuwa nakunja nguo. TV ikajiwasha. Shamba likaja. Yule mtu wa kofia nyekundu, yule wa Kitavi, akatoka nyumbani kwake akaenda kumwagilia mahindi. Cherehani iko kwenye kona, imefunikwa kitambaa, na mimi sikuwa nimegusa kitu. Alimaliza mstari wote, akasimama kidogo na mbuzi, kisha TV ikajizima.

Kavutha, jana ilikuwa Ijumaa. Ile boda boda iliyomuua ilimwangusha pale kituo cha Adams siku ya Ijumaa. Niliogopa, halafu nikaona aibu kumwogopa mtoto niliyemzaa. Nilimwita jina lake nikiwa nimeshika soksi. Usimwambie mchungaji. Anko wako Mwanzia naye usimwambie kabisa, atakuja kuchomoa waya.

Mimi mama yako.


Doha,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nimepokea maneno yako na nimeyasoma mara nyingi. Mgongo ni afadhali, wamenihamishia kwenye kupiga pasi. Chakula ni wali juzi, wali jana, wali leo. Nimeota muthokoi wako wa mahindi na maharagwe mpaka nikaamka nikitafuna hewa, wenzangu chumbani wakanicheka.

Kuhusu TV, sijui niseme nini. Hizo mashine zina mambo yao. Labda stima ilipotea ikarudi. Kama inakuogopesha, mwambie mtu aichomoe. Kama haikuogopeshi, basi iache, kuangalia si vibaya.

Dawa unakunywa? Kliniki ya sukari si bado ni Ijumaa mchana? Usikose, tafadhali.

Binti yako,
Kavutha


Riruta,
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Kavutha wangu,

Umeshindaje na joto la huko? Hapa mvua imetukalia, njia ya kwenda Naivasha Road ni matope matupu, na nguo za wateja hazikauki. Pasaka ilipita vizuri. Tulikula chapati na Annah, akasema zangu zimekuwa ngumu siku hizi. Nilimwambia aache basi, na hakuacha hata moja.

Anakuja kila Ijumaa. Saa nane, TV inajiwasha na yeye anatoka nyumbani kwake na kofia yake. Anafanya kazi polepole, kama mtu aliyetoka shifti. Mimi huketi na kumwangalia. Nimeanza kumwekea chai, na usinicheke. Nyanya yako alikuwa akimwaga kidogo chini kabla ya kunywa, kwa ajili ya waliotangulia, na sisi tulikuwa tukimdharau tukiwa na Biblia mkononi. Leo ni mimi ninayeweka kikombe juu ya cherehani.

Annah aliingia jana akakuta shamba linajilima. Akasema, "Mama Kitavi, hii TV inajiwasha aje na hakuna mtu?" Nikamwambia ni programu. Alikunywa ile chai ya Kitavi bila kujua, nikamimina nyingine.

Kliniki sikuenda mwezi huu. Foleni yao inaanza saa saba, nami saa nane nina mgeni. Nitamwacha na nani?

Mimi mama yako.


Riruta,
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kavutha,

Je, u mzima? Mbona umenyamaza? Zile alama mbili zimegeuka bluu, kwa hivyo umesoma. Kama wewe ni mgonjwa niambie, kama umenikasirikia niambie pia.

Mimi si mbaya. Nina kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kulia, ule wa pedali. Hakiumi hata kidogo. Annah anasema hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwamba hakiumi, na ananisumbua kila siku kama mkwe. Muuguzi wa kliniki alinipigia simu kuuliza niko wapi. Nilimwambia nitafika Ijumaa. Nilimdanganya. Jana yule wa kofia nyekundu alikuwa anapanda mbaazi, mstari mzima, nikashindwa kuinuka. Katikati akasimama tu, hasogei, kisha akatoka haraka. Nilikaa nikiangalia TV iliyozimika.

Niandikie.

Mama yako.


Doha,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwaitu,

Sijaulizia afya yako kwanza kwa sababu naijua, na kosa ni langu. Ni mimi. Yule mtu wa kofia nyekundu ni mimi, nikicheza kwa simu yangu nikiwa nimelala juu ya kitanda changu cha ghorofa huku Doha.

Kitavi alinitumia namba ya siri mwaka jana. Alisema mimi naweza kuingia kwa kompyuta yake kutoka popote, nawe ukae kwa cherehani, tulime sote watatu. Mimi nilikuwa nasema "wiki ijayo, wiki ijayo," kazi imenichosha. Alipokufa niliomba ruhusa, wakaniambia nikienda nisirudi. Mlimzika mimi nikibeba mashuka. Siku ile ya kwanza nilifungua mchezo kwa sababu sikuwa na kaburi la kwenda.

Sikujua kwamba TV inakuonyesha. Ulipoandika nilitaka kukwambia, halafu nikaona jinsi ulivyoita jina lake, nikakuandikia habari za stima. Kisha nikapenda. Nilijua uko pale umeketi, unaniangalia, hata kama ulikuwa unamwangalia yeye. Na Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko, Mama. Hakuna kingine nyuma ya Ijumaa.

Kitu kimoja kilikuwa kinanipa moyo. Kila nikiingia nilikuta umenifungia lango la mbuzi nililosahau wazi. Nikasema, basi naye katikati ya wiki anakanyaga cherehani yake, anacheza. Asante kwa hilo.

Nimeufuta mchezo kwenye simu. Hakuna mtu atakayekuja tena, kwa hivyo huna wa kumngoja. Enda hospitali kesho asubuhi uonyeshe hicho kidonda, usingoje Ijumaa. Unisamehe au usinisamehe, lakini enda.

Binti yako,
Kavutha


Doha,
Jumapili, 25 Mei 2025

Mwaitu,

Umesoma, nimeona. Sema hata "sawa" peke yake. Simu inaita mpaka inakata.

Kavutha


Doha,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mama,

Leo ni mapumziko na sijui nifanye nini na mikono yangu. Nimempigia Anko Mwanzia, akasema "Mama yako yuko sawa" kwa ile sauti yake ya kuongea na polisi. Uko wapi? Nitukane tu, nijue uko.

Kavutha


Riruta,
Jumapili, 15 Juni 2025

Kavutha mwanangu,

Pole, na usianze kulia kabla hujamaliza kusoma. Niko nyumbani, ninakula, na sukari imetulia. Nilikuwa wodini. Nilisoma barua yako nikavaa koti nikaenda kama ulivyosema, na wakanilaza siku hiyo hiyo. Kidole kimekatwa, kimoja tu, kile kidogo. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea habari ya mguu mzima. Simu niliisahau kwenye chaji, na Mwanzia nilimkataza kukuambia. Nilijua utatupa pasi na kupanda ndege bila pasipoti.

Sasa nisikilize. Ijumaa ile ya kwanza nilidhani ni Kitavi, na Mungu anajua nilivyolia. Ya pili, yule mtu alitoka kwa mbuzi akaacha lango wazi na kwenda zake. Nikajua ni wewe, palepale, nikiwa na kikombe mkononi. Umesahau kule Mwala? Mbuzi walimaliza mbaazi za nyanya yako mara mbili kwa sababu ya lango lako, mpaka Kitavi akawa anakufuata nyuma akifunga kila mahali unapopita. Hata mlango wa kanisa alikuwa anafunga nyuma yako, mzee wa kanisa akadhani ni mtoto mwenye heshima.

Nilinyamaza kwa sababu ningesema, ungeona aibu ukaacha. Nilikuwa naandika "yeye" nikimaanisha wewe; chai tu ndiyo ilikuwa ya Kitavi. Kliniki niliikosa kwa sababu yako, Kavutha. Kitavi najua alipolala, nilimwaga mchanga kwa mkono wangu. Wewe ndiye sijui unalala wapi, na Ijumaa saa nane ulikuwa unaingia sebuleni kwangu na viatu vyako. Ningeondokaje? Ulikuwa ujinga, na umenigharimu kidole, na sijutii sana.

Ila kuna jambo linanisumbua tangu wodini. Umesema mimi ndiye nilikuwa nafunga lango. Mimi sijakanyaga. Siku ya matanga Mwanzia aliburuta cherehani ili viti viingie, nyaya zikakatika zote, Annah alikuwepo. Hiyo kompyuta yenyewe sijui hata kuifungua. Nilikuwa nakuta lango limefungwa kila Ijumaa TV inapojiwasha, nikadhani ni wewe ulirudi katikati ya wiki kurekebisha. Nikasema, hatimaye huyu mtoto amekua.

Mama yako.


Doha,
Jumanne, 17 Juni 2025

Mwaitu,

Nimelilia kidole chako chooni, kazini, na kwenye basi la kampuni. Pole, pole sana. Unakanyaga chini? Nani anakufunga bendeji?

Mama, sijawahi kuingia siku nyingine isipokuwa Ijumaa. Kuhusu kufunga, unanijua.

Jana baada ya kazi niliurudisha mchezo kwenye simu. Mara ya mwisho nilikuwa nalia, nikatoka bila kuangalia nyuma, na ninajua niliacha lango wazi. Nimekuta limefungwa. Mbuzi wote wamo ndani. Nikasema labda mchezo hulifunga wenyewe. Nikalifungua, nikatoka, nikaingia tena. Liko wazi. Nikatoka, nikaoga, nikaingia tena. Bado liko wazi. Leo asubuhi kabla ya shifti nimeangalia, na limefungwa.

Ni nani mwingine ana ufunguo wa kile chumba? Nimewauliza watu wa kompyuta hapa, wanasema labda hivi, labda vile. Mama, ninaogopa. Nikiwa peke yangu kwenye pasi nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Niambie niizime kompyuta na nitaizima kutoka huku, leo hii.

Binti yako,
Kavutha


Riruta,
Jumatano, 18 Juni 2025

Kavutha wangu,

Ninakanyaga vizuri, Annah ndiye ananifunga bendeji, na anaifunga kama anafunga mzigo wa gunia. Wewe kula, na ulale.

Ufunguo ni mmoja, uko kwenye leso yangu. Nimeingia leo mchana. Kompyuta inanguruma kama alivyoiacha. Kiti kiko pale pale. Vumbi limelala juu ya vitufe vyote, nimeinama na miwani yangu, na hakuna alama ya kidole hata moja. Niliketi kitandani kwake. Sitakuficha, nilisema Baba Yetu nikaishia katikati. Chumba kilikuwa na baridi kidogo na harufu ya solda ya nyaya zake, na baada ya muda sikutaka kutoka.

Usizime. Kliniki wamenihamishia Jumanne, kwa hivyo Ijumaa niko. Oyoo, yule aliyekuwa akifanya kazi na Kitavi pale Luthuli, anakuja kesho kuunganisha nyaya za cherehani, nitakanyaga kwa mguu wa kushoto. Njoo saa nane. Tumwagilie zile mbaazi, zimekaa sana bila maji.

Na ukimaliza, mwanangu, usifunge lango. Mwachie kazi yake.

Mama yenu.