Mashine ya Baba Otilia Siirudishi

Shangazi Herieth, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Malangali, Sumbawanga, niliishia darasa la saba, kwa hiyo unisamehe mwandiko, ila hili limenishinda kulibeba peke yangu.

Mume wangu Baltazari anaendesha Fuso ya mfanyabiashara wa Majengo, anabeba dagaa kutoka Kirando, na tangu anioe anakoroma mpaka majirani wanatutania, nami nilikuwa nacheka nao, lakini mkoromo wenyewe unakatika, kifua kinahangaika pumzi haipiti, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, na mchana anasinzia kwenye usukani, mpaka Fuso ikaingia mtaroni, Mungu tu. Daktari wa misheni akasema koo lake linajifunga usingizini, anahitaji mashine ya kusukuma hewa, na kwa bahati padre mmoja mzee mwenye ugonjwa huohuo alikuwa amepata mpya, akatupa ile ya zamani. Shangazi, nilipata mume mpya, anaamka anaimba, anamrusha Otilia wetu juu na kumdaka.

Sasa baridi ya Ufipa unaijua, na maski anayoivaa ina vitundu mbele vinavyotoa upepo, ukawa unampiga mtoto usoni maana tunalala naye katikati, nikaviziba kwa nta ya nyuki, vizuri kabisa, mtoto akapona mafua. Ila siku hizi Baba Otilia anaamka kichwa kinamuuma na maski ameshaing'oa, anasema inamkaba.

Mama mkwe akasema, "Si nilisema? Hiyo inamnyonya mwanangu."

Shemeji Adolfu naye: "Kaka, unalala na mpira usoni kama pipa linalofyonzwa dizeli. Shemeji amekufunga kwa umeme."

Wakacheka, na mume wangu akacheka nao, ndicho kilichoniuma. Wakimaliza kuvuna ulezi wanakuja kikao Jumapili, baada ya misa, wanataka mashine irudi misheni. Nimewaambia machoni siirudishi, wanitoe mimi kwanza. Wanasema sina adabu. Je, nimekosea? Na ipo mashine nyingine isiyomkaba? Mimi naamini ipo.

Mama Otilia, Malangali

*

Marahaba, Mama Otilia. Weka gazeti chini, nenda kaitoe hiyo nta, halafu urudi tuongee.

Umerudi? Vile vitundu si kasoro. Ndiko inakotokea pumzi ambayo mumeo ameshaitumia. Ulipoviziba akawa anaivuta tena, ndiyo maana kichwa kinamuuma, na anaing'oa maski kwa sababu kweli inamkaba. Ulimwonea mtoto huruma, naelewa, lakini kifaa cha hospitali hakirekebishwi nyumbani kwa nta. Nta isipotoka yote kwa maji ya uvuguvugu, maski hiyo asiivae tena, mwombe daktari nyingine. Usichokonoe kwa sindano. Na Otilia mtafutie kitanda chake.

Sasa mashine. Hiyo ilipimwa kwa koo la padre, nani amewaambia koo la dereva linataka nguvu ileile? Irudisheni kwa daktari, si kwa kuiacha, bali ipimwe upya. Zipo mashine za aina tatu. Moja inasukuma hewa kwa nguvu ileile mpaka asubuhi, na wengi inawatosha ikishapimwa sawasawa. Nyingine inajirekebisha, koo likijifunga inaongeza, likifunguka inapunguza. Ya tatu ina nguvu mbili, kubwa mtu akivuta na ndogo akitoa, hiyo hupewa wanaoshindwa kutoa pumzi dhidi ya upepo, na wenye matatizo mengine ya kupumua. Atakayechagua ni daktari, akishampima akiwa usingizini. Hata maski zinatofautiana, zipo za pua tu.

Baltazari, najua unachungulia begani kwa mkeo. Pombe ya ulezi kabla ya kulala acha, inalilegeza koo zaidi. Umeme ukikatika lala ubavu. Na usukani usiuguse mpaka siku utakayoamka mwepesi, maana barabara ya Kirando ina watoto wa watu. Ulipocheka na mdogo wako ulimcheka aliyekuwa macho kwa ajili yako. Mwombe radhi mbele yao.

Mama Otilia, adabu unayo. Kosa lako ni kusema wakutoe wewe. Usiwape watu maneno ambayo hutaki wayafanye.

Jumapili wapikie washibe. Mumeo atasinzia kwenye kiti, nawajua madereva. Muache, wala usimvalishe kitu. Mkae kimya wote, na Adolfu pia, msikilize. Mkoromo ukikatika usitoe hotuba. Mkabidhi mama mkwe maski, mwonyeshe vile vitundu kwamba viko wazi, umwashie mashine, amvalishe mwanawe kwa mikono yake.

Halafu uliza kwa upole nani anaibeba kuirudisha.