Kanga Uliyoishika Mbali na Shavu

Kaka Hyasinti,

Niko Kilombero, nakata miwa. Mama amepiga simu, kahawa imeiva na upande wako wa shamba hauna mchumaji. Nilimwambia nitakuja, nikakata simu haraka. Nimeona nianze na wewe.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mwenzangu Saidi zahanati. Panga lilimkata shavu mwaka jana na kidonda kimeshafunga, lakini bado anaumwa. Daktari alimgusa kwa pamba tu, Saidi akaruka kama amepigwa na umeme. Daktari akasema ngozi inaweza kupona juu, lakini chini mshipa wa fahamu ulioumia ukiunga vibaya, unapeleka maumivu hata pasipo kidonda. Upepo tu unatosha. "Huyu hajifanyi," akasema.

Nikatoka nje, nikakaa chini.

Kaka, siku ile uliinama kutoa maganda yaliyokwama kwenye mashine ya kumenya kahawa. Nilizungusha mpini kabla hujaniambia, ukakupasua shavu. Nyumbani nikasema umeteleza. Ulinitazama, ukaitikia kwa kichwa.

Kidonda kilipopona nikakuita mvivu. Ulikuwa unalima umeupa upepo kisogo. Ndevu hukunyoa upande mmoja. Ukitoka nje ulishika kanga ya Mama mbele ya uso, mbali na shavu, isikuguse. Nilidhani ni maringo. Jina la Bibi Harusi nilikupa mimi.

Halafu ile siku ya kuanika kahawa. Majirani wote walikuwa kwenye vichanja. Nikasema, "Bibi Harusi, funua uso tukuone!" Nikaivuta kanga. Ikapita kwenye shavu lako. Ulipiga magoti kwenye kahawa mbichi, mate yakakutoka, na watu wakacheka kwa sababu nilicheka mimi. Mama peke yake hakucheka. Alisema, "Kosmas, huyo ni kaka yako."

Malaria ilikuchukua sijakuomba radhi. Kwenye mazishi nilibeba msalaba wako mbele ya watu kama ndugu mwema.

Nitakuja kabla kahawa haijaisha. Nitasubiri siku ya kuanika, majirani wawepo, nimwambie Mama kwamba hukuteleza, mpini niliuzungusha mimi, na maumivu yako yalikuwa ya kweli. Kisha nitachuma upande wako.

Pumzika, kaka. Safari hii wakicheka, wanicheke mimi.

Mdogo wako,
Kosmas