Ovaroli ya Marehemu

Homa Bay,
Agosti 1996

Kwako shemeji Zablon,

Barua yako ya Mombasa imefika. Sisi tupo. Samaki wazuri wote, mbuta wa ziwani, wanakwenda kiwandani, na mimi bado nakausha mgongo wazi, ile mifupa wanayotuachia. Moshi wa mapipa ninayokaushia umemkaa binti yangu Liz kifuani, lakini ndio unaomlipia karo.

Unaniomba ovaroli ya marehemu mume wangu, kwa sababu umepewa nafasi yake bandarini, kupakua saruji. Shemeji, wazee walipotaka unirithi ulikataa, nami nilishukuru, maana sikutaka kurithiwa. Leo umekubali kurithi kazi iliyomuua ndugu yako?

Wazee walisema ni chira, laana ya kuvunja mila, kwamba alijenga ugenini kabla ya kujenga kwao. "Angejenga hapa angepona," mama yenu ananiambia mpaka leo. Sibishani naye. Ninachojua ni kwamba juzi niliiloweka ovaroli hiyo ili nikutumie. Maji yakawa uji wa kijivu, nikayaacha kwenye beseni. Asubuhi uji ulikuwa umeganda kama jiwe. Hiyo ni nguo moja tu, shemeji. Yeye alivuta vumbi hilo miaka tisa.

Najua hutarudi. Ungerudi kwenye nini, kwenye huu moshi wangu?

Ovaroli nimeichoma. Ndani ya kifurushi hiki kuna lile jiwe la beseni. Lala chali, uliweke kifuani, halafu ujaribu kuvuta pumzi.

Mimi shemeji yako uliyekataa kumrithi,
Dorine