Barua ya Nyanya Katika Jalada la Rais

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na vichochoro vya mtaa wetu wa Kuze vimejaa maji. Nimerudi kutoka kazini nimerowa chapachapa.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kusoma barua za watu. Rais mmoja wa zamani anajengewa maktaba Nairobi, na karatasi zake zote zinapangwa zihifadhiwe humo. Zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimeletwa Mombasa, kwenye ofisi ya kukodi karibu na Buxton, kwa kuwa huko hawakupata wa kuzisoma. Mimi hati hiyo nilifunzwa na nyanya yangu mzaa mama. Nilikuwa nikienda kwake kila Alhamisi. Mama hakunikataza, ila hakufuatana nami hata siku moja.

Leo, kabla ya adhuhuri, nimefungua jalada jipya na kuujua mwandiko kabla sijasoma neno.

Ulikuwa wa Nyanya.

Mjomba Athumani, kaka yake Mama, alikuwa kuli bandarini. Siku moja, Mama akiwa bado msichana wa shule, mjomba alitoka kwenda kazini na hakurudi. Watu walinong'ona kuwa ni askari. Nyanya akawaamuru wanawe wanyamaze, wasimtaje mbele ya mtu. Mama hakumsamehe. Alimwita mwoga aliyemtupa mwanawe. Hata Nyanya alipokuwa akikata roho, Mama alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, akaitwa mara mbili. Alifika maiti ishakoshwa.

Barua yenyewe ni fupi. "Mheshimiwa Rais, baada ya salamu. Mwanangu Athumani amechukuliwa na askari kwenye geti la bandari, yu katika nguo za kazi. Sitaki kesi na mtu. Nataka kujua kama yu hai nimpelekee chakula, au kama amekufa nimzike. Wanangu wengine sikuwaambia kuwa nakuandikia, nisije nikawatia taabuni."

Pembeni, karani fulani ameandika kwa penseli: "Kiarabu. Hakisomeki. Weka."

Hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili kitupu.

Miaka yote nilidhani labda aliomba akakataliwa, au hakuomba kabisa. Haikunijia kwamba huenda hakuna aliyemsoma. Ile karatasi haina hata doa. Imetunzwa vizuri mno.

Bi Ndunge, msimamizi wetu, alinikuta nalia. Nilipomweleza, alinishika bega.

"Pole sana, Salma. Lakini haitoki hapa, na haipigwi picha mpaka maktaba ifunguliwe. Wanaweza kunifukuza."

Kisha akatoka, akafunga mlango, akakaa nje muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikainakili yote kwa mkono.

Alasiri nilimkuta Mama sebuleni, sinia ya mchele mapajani, anachambua. Nikaketi chini, nikamsomea.

"Kaandika nani?" akauliza.

"Nyanya."

"Urongo."

Nikasoma tena, polepole. Nilipofika pale pa wanawe wengine, aliacha kuchambua. Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejitayarisha kumkumbatia, nakiri. Njia nzima kutoka kazini nilikuwa nikijiona kama ninayempelekea zawadi.

"Mbona umenisomea?" akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mamangu hayupo nimuombe radhi. Ungeniwacha na hasira zangu, Salma. Nishazizoea."

Akainuka na sinia yake, akaingia chumbani, akajifungia. Nimebisha mara mbili. Chakula nimekirudisha jikoni vile vile.

Sijui kama nilimsomea kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Kulikuwa na njia ya kungoja, ya kumwandaa kwanza, na sikuifikiria. Nilikuwa na haraka ya kumtetea marehemu, nikamsahau aliye hai.

Kesho lazima nijaze fomu ya jalada lile. Pana mahali pa jina la mwandishi, na la Nyanya nitaliandika kamili, na la mwanawe chini yake. Hilo naliweza.

Lakini kabla ya kutoka itanibidi nigonge mlango wa Mama nimwamkie. Nitaanza na neno gani?