Alama Tatu Kwenye Njia ya Pwani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ondina Brajković. Umri: miaka 66. Kazi: karani mstaafu wa posta, mchoraji wa alama za njia, kwa kujitolea. Makazi: kijiji cha Pličina, pwani ya Istria.

Nimeelezwa kwamba sheria inaniruhusu kukaa kimya, kwa kuwa mtuhumiwa Livio ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nitasema.

Njia yetu haifiki kilomita tatu. Watoto wanaimaliza, mbwa wanaimaliza, hata mimi na magoti yangu haya. Mwaka wa ishirini na mbili huu ninachora alama zake kwenye mawe: duara jekundu, nyeupe katikati. Inapita kando ya mizinga ya nyuki ya Livio, naye hataki kabisa mbwa wapite hapo. Kila kiangazi tunagombana.

Mnamo Jumapili tarehe 18 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa ufukweni nikiokota takataka. Nikasikia mbwa akibweka juu, upande usio na njia. Nilimkuta amelala ukingoni mwa genge, habanduki. Mita mbili chini yake, binti wa miaka sita aitwaye Tonka alikuwa amekaa kwenye mwamba, mkono umevunjika. Chini ya mwamba ule ni bahari tu. Baba yake alikuwa akimshukia taratibu, akirudia, "Tulifuata alama, mama. Tulifuata alama." Tulimtoa.

Alama zilikuwepo, tatu. Zangu zilikuwa zimefutwa kwa rangi ya kijivu. Hizo mpya ni mkono wa Livio. Nilimfundisha mwenyewe, na duara lake halifungi chini.

Jioni alinipigia simu. Alisema alitaka tu watu wapite mbali na nyuki wake, hakujua kwamba genge limemomonyoka. Namwamini. Kisha akasema, "Dada, waambie mvua ilizifuta alama zako. Nani atakubishia wewe?" Nikamwambia siwezi. "Haya, kanifungishe," akasema, akakata.

Andika na hili, afande. Alama zile niliziona Ijumaa, na nilijua ni za nani. Kopo la rangi na brashi nilikuwa navyo. Nikajisemea nitamwita Jumatatu, tunywe kahawa, azifute mwenyewe asiaibike. Nikaenda zangu nyumbani.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, bila kulazimishwa.

Sahihi: O. Brajković

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa. Nilimweleza kuwa habari za Ijumaa hakuulizwa, na zinaweza kuondolewa. Amekataa.
Sajini S. Peruško, 19 Mei 2025, saa tatu asubuhi.