Mistari Miwili ya Maboga

Jumanne, Juni 1958

Sitaandika kwamba imeshindwa.

Bwana Mkubwa wa kilimo alisimama leo kati ya mistari yangu miwili ya maboga, akatikisa kichwa. Mstari nilioupulizia dawa ya ukuaji, ile inayotarajiwa kuuzidishia mmea maua jike, yale yanayozaa maboga, umezaa sawasawa na ule usiopuliziwa.

“Bibi, dawa yako imeshindwa. Andika hivyo, shamba lipandwe kahawa.”

Alipoondoka, nilimkuta mama mkwe akichuma ncha za maboga kwa ajili ya mboga ya jioni, huku akiukwepa mstari wenye dawa kana kwamba una nyoka.

“Mama, siku zote unachuma huu tu?”

“Ule wa sumu niuchume nife? Huu nauchuma tangu ulipoanza kutambaa.”

Nilikaa chini palepale. Mmea ukikatwa ncha hutoa matawi, na matawi huleta maua jike. Huenda mistari yote miwili ilisaidiwa: mmoja na chupa yangu, mwingine na vidole vyake.

“Usinitazame hivyo, mwanangu. Mboga yenyewe uliila wewe, tena ukaongeza.”

Labda najitafutia udhuru tu. Sina hakika kwamba dawa inafaa. Nina hakika kwamba hatujaipima.

Bwana Mkubwa akilichukua shamba, na alichukue. Nitapanda nyuma ya jiko, kati ya migomba: mstari wa dawa, mstari wa Mama, na wa tatu usioguswa na mtu. Huo wa tatu nitaulinda, hata dhidi ya njaa yangu mwenyewe.