Kofia ya Maren

Jumatatu, 16 Oktoba
Kocha wa chuo kapiga simu tena! Nafasi yangu kwenye timu ya mbio za nyika iko palepale, kazi yangu ni kukimbia tu. Mama kashanunua sweta lenye nembo ya chuo, analivaa mpaka jikoni. Vyuo vingine viwili vilivyonitaka nilivikatalia tangu kiangazi. Kocha hakunipa karatasi, kanipa neno lake. Huku ndivyo inavyokwenda.
Goti la kushoto linauma tena. Nimemwambia Maren peke yake. "Shosti, mdomo wangu umeshonwa," kasema, akanifunga barafu kwa soksi yake mwenyewe.

Alhamisi, 26 Oktoba
Simu fupi. Kocha wa chuo amesikia habari za goti. Nafasi kampa mwingine. Ananitakia kila la heri. Kila la heri!
Nani kamwambia? Daktari sijaenda. Nimevipigia vile vyuo viwili — vimeshajaza nafasi. Bila mbio, kwa alama zangu hizi, nani atanichukua?
Mama sijamwambia. Alikuwa anakaanga viazi, kavaa sweta lake, anaimba. Nikashindwa.

Ijumaa, 27 Oktoba
Ni Maren. Nafasi yangu kapewa Maren! Kikulacho ki nguoni mwako.
Nilimbana kwenye makabati ya shuleni. Hakukana hata kidogo.
"Nilisema kwa ajili yako, Tilda. Ungejivunja."
"Na nafasi yangu umeichukua kwa ajili yangu pia?"
Akatazama viatu. "Wangempa mtu tu. Kwa nini nisiwe mimi?"
Tangu darasa la tatu tunakimbia pamoja! Namchukia. Soksi yake bado iko kwangu.

Jumatano, 8 Novemba
Naandika chooni, kando ya jukwaa la ukumbi wa michezo. Leo ni siku ya kutia saini: mwanariadha anavaa kofia ya chuo alichokichagua, kisha anasaini mbele ya wote. Meza ina kitambaa, keki, na kofia tatu za vyuo vitatu, ingawa shule nzima inajua Maren atachagua ipi. Kwa desturi yetu kapteni ndiye anayemvika mwenzake kofia.
Kapteni ni mimi. Haya, nitamvika. Meno nje.
Nimechungulia kwa upenyo wa mlango. Wazazi wote walialikwa, sikulifikiria hilo. Mama yuko mstari wa mbele na lile sweta, simu juu tayari kwa picha. Anamwambia jirani yake kwamba binti yake ndiye wa leo. Jirani anatazama keki.
Kipaza sauti kinaita jina langu. Mama anasimama, anapiga makofi peke yake —